Tukishaimba na Kuondoka: Hotuba ya Katibu wa Kwaya katika Jubilei ya Miaka 25



Nilipewa dakika kumi nizungumzie historia ya kwaya. Historia hiyo Mwenyekiti ameshaiandika katika kijitabu hiki, tangu enzi za ngoma moja na kayamba mbili hadi kinanda hiki ambacho, niseme ukweli, bado tunakilipia. Sina la kuongeza hapo. Mimi ni katibu, na katibu hujua tu yale yaliyoandikwa daftarini. Kwa hiyo nimekuja na daftari moja, la mahudhurio, na nitawasomea mstari mmoja kutoka humo. Lakini kwanza nirudi nyuma kidogo ili mstari huo ueleweke.

Kwaya hii ilianza mwaka 2000, Mwaka wa Jubilei Kuu. Tunatimiza miaka 25 katika mwaka mwingine wa Jubilei, huu ambao marehemu Papa Francis aliufungua na kutuita mahujaji wa matumaini. Wengi tunafurahia jinsi miaka hiyo miwili ilivyokutana. Ila waasisi wetu wanakumbuka jambo jingine kuhusu mwaka 2000. Miezi michache kabla yake, Novemba 1999, Rais Moi alikuwa ametangaza UKIMWI kuwa janga la taifa, na hapa kwetu hatukuhitaji kutangaziwa. Mimi nilikuwa mtoto wa benchi la mbele. Nakumbuka kwamba karibu kila Jumamosi watu wazima walikuwa wamevaa nguo za mazishi. Mama mmoja wa sauti ya kwanza, ambaye yupo nasi leo, aliniambia kuwa katika miaka ile kwaya ilijifunza nyimbo za matanga kabla ya kuzijua nyimbo za Krismasi. Ilibidi iwe hivyo, kwa sababu ndizo zilizohitajika.

Mambo yamebadilika, na tumshukuru Mungu. Mwaka 2001 madaktari wa MSF walianza kutoa dawa za ARV bila malipo katika hospitali ya wilaya ya Homa Bay, na kufikia 2006 serikali ilikuwa imeondoa ada ya dawa hizo katika hospitali zake. Kuna watu wanaoimba katika kwaya hii leo ambao wasingekuwepo bila dawa hizo. Wanajijua, na sisi tunawapenda. Lakini tusijidanganye kwamba hadithi imeisha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018, KENPHIA, uliikuta kaunti yetu ya Homa Bay ikiwa mbele ya kaunti zote kwa maambukizi, karibu mtu mzima mmoja kati ya watano. Na kifo hakiji kwa njia moja. Wazee wa bonde hili la Lambwe wanakumbuka malale ya mbung'o mwanzoni mwa miaka ya 1980. Siku hizi ni ajali za bodaboda, ni ziwa, ni mama anayefariki akijifungua. Mtoto anayeachwa haulizi mzazi wake alikufa na nini.

Sasa daftari.

Mwaka 2017, mwaka wangu wa pili katika ukatibu, tulimzika mama mmoja wa kigango hiki. Mwanawe wa pili alikuwa mpiga ngoma wetu, kijana wa darasa la saba. Siku ile aliipiga ngoma kwenye kaburi la mamake, kwa sababu hatukuwa na mwingine wa kuipiga, na watu walimsifu sana wakasema ana moyo wa kiume. Tuliimba tangu saa nne asubuhi hadi saa nane. Tulipewa bahasha ya shilingi 3,000 na chakula kizuri, kisha tukapanda matatu tukarudi. Njiani tulijadili kwamba sauti ya tatu walichelewa kuingia katika wimbo wa kuteremsha jeneza. Hayo ndiyo tuliyojadili.

Jumamosi iliyofuata kijana hakuja mazoezini. Niliandika. Naomba nisome: "Hayupo. Hakutoa udhuru." Jumamosi ya pili: "Hayupo. Hakutoa udhuru." Ya tatu, hivyo hivyo. Ya nne, hivyo hivyo. Kanuni yetu wakati huo ilikuwa faini ya shilingi 20 kwa kila anayekosa bila udhuru, kwa hiyo pembeni, kwa kalamu nyekundu na kwa mwandiko wangu mwenyewe, kuna hesabu: "Deni: 80."

Hakuna aliyeuliza mpaka Pasaka ilipokaribia na tukatambua kuwa hatuna mpiga ngoma. Alipotafutwa alipatikana ufuoni, akivuta nyavu za omena usiku na kulala mchana. Shule alikuwa ameacha wiki mbili baada ya mazishi. Bibi yake alituambia bila kutulaumu, na pengine angetulaumu ingekuwa rahisi kwetu. Alisema mtoto alirudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa za mtihani na sare iliyoraruka, akangoja siku tatu aone kama kuna mtu atakuja, kisha akaenda ziwani na binamu zake. Hakurudi shule. Leo ni mtu mzima, ana mashua anayofanyia kazi na mtoto wake mmoja. Nilimwomba ruhusa niyaseme haya bila jina lake, akacheka, akasema, "Dada, na ile faini mlisamehe?"

Nimeyaanza haya kwetu, sikuanza na serikali wala na wafadhili, kwa sababu kwa muda mrefu nimesikia tukisema kuwa mtoto yatima hapa kwetu anakosa shule kwa kukosa karo. Kwa kiasi ni kweli. Lakini mimi ni mwalimu, na nimekaa upande ule wa meza. Tangu Januari 2003 shule ya msingi ya serikali haitozi karo. Tangu 2008 serikali hulipia masomo ya sekondari ya kutwa, na tangu 2018 fungu lililowekwa ni shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Pesa hizo huchelewa na hukatwa, hilo najua, msininyanyulie mikono. Hata hivyo karo yenyewe siyo iliyomwangusha yule kijana. Alianguka kwa pesa za mtihani, sare, na siku tatu za kungoja mtu.

Kwa Kijaluo tunasema nyathi kich. Neno hilo tunalitumia hata kwa mtu mzima mwenye mvi aliyefiwa na wazazi, kwa maana kuna kitu hakipo nyuma yake. Shuleni kitu hicho huonekana wazi. Mwalimu akisema "kesho njoo na mzazi," wengine wanakuja na mzazi. Huyu anakuja na bibi anayetembea kilomita sita, au anakuja na kaka wa miaka 17, au haji kabisa. Siku ya kuchukua ripoti, ripoti yake inabaki mezani. Akianza kushuka darasani hakuna anayejua, kwa kuwa hakuna aliyejua alipokuwa juu.

Kisha kuna makaratasi. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu naamini makaratasi yamewatoa watoto wengi shuleni Lambwe kuliko tunavyofikiri, na ni jambo ambalo kwaya inaweza kulifanya bila mfadhili yeyote.

Mtoto akisajiliwa shuleni huombwa cheti cha kuzaliwa. Shule hutumiwa pesa kulingana na watoto waliosajiliwa, na mtihani wa taifa vilevile unadai cheti. Mtoto aliyezaliwa nyumbani, mama akafariki kabla hajaandikishwa, anafika gredi ya 6 akiwa hana cheti, na wa kueleza alizaliwa lini hayupo. Upande wa pili kuna cheti cha kifo. Fomu nyingi za basari, za NG-CDF na za kaunti, zikitiwa alama kwamba mtoto ni yatima, huomba uthibitisho. Familia inakuja na kibali cha mazishi. Kile kibali tunachopewa ili tuzike siyo cheti cha kifo! Ni karatasi ya kuruhusu kuzika. Cheti hutoka kwa msajili wa vizazi na vifo, na kikitafutwa mapema, wakati naibu wa chifu anakumbuka na barua ya hospitali bado ipo, ni kazi ya safari moja au mbili. Kikitafutwa miaka minane baadaye, pale mtoto anapotaka kuingia kidato cha kwanza, ni kiapo, ni barua juu ya barua, ni nauli ya kwenda Mbita au Homa Bay mara nne au tano, na bibi hana nauli hiyo.

Nimeshuhudia basari ikimpita mtoto aliyefiwa na wazazi wote wawili na kumwendea mwenye wazazi, bila rushwa yoyote, kwa sababu tu karatasi za mmoja zilikamilika na za mwingine hazikukamilika.

Ni hivyo hivyo na Inua Jamii. Ninyi mnaojua historia mtakumbuka kuwa mpango wa serikali wa kuzipa pesa familia zinazolea yatima ulianza kwa majaribio mwaka 2004, na ulipopanuliwa mwaka 2007, wilaya za Suba, Homa Bay na Migori zilikuwamo. Kwa hiyo sisi hatukuachwa nyuma, tulikuwa mstari wa mbele. Wakati huo zilikuwa shilingi 1,500 kwa mwezi, baadaye zikawa 2,000. Wataalamu waliolinganisha nyumba zilizopata na ambazo zilikuwa bado waligundua kwamba pesa hizo kidogo ziliongeza idadi ya vijana walioingia sekondari. Pesa kidogo inayokuja kila mara imemsaidia mtoto kuliko pesa nyingi inayokuja mara moja. Mnajua harambee zetu. Tunachanga, tunapiga makofi, muhula wa kwanza unalipwa, na muhula wa pili mtoto yuko nyumbani na kila mtu anadhani mwenzake amelipa.

Hata hivyo pesa hizo za serikali pia zinataka kitambulisho cha mlezi, na jina liingie orodhani siku ambayo orodha inaandikwa. Nani anampigia simu bibi wa kule karibu na uzio wa Ruma kumwambia kuwa orodha inaandikwa kesho? Hapo ndipo penye pengo.

Nimetaja Ruma, nikumbuke kitu. Mnajua kwamba korongo, wale swala wakubwa wenye pembe zilizopinda nyuma, Kenya nzima wamebaki hapa kwetu tu. Katika sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 walihesabiwa 15. Kumi na watano, na kila mmoja anajulikana, akipotea anatafutwa. Sisemi wasilindwe, Mungu aliwaumba na mimi huwapeleka wanafunzi wangu kuwatazama. Nasema tu kwamba ukimuuliza mtu wa kigango hiki, mimi nikiwa wa kwanza, ni watoto wangapi waliofiwa katika Jumuiya yake na kila mmoja leo yuko darasa gani, atakohoa.

Basi tumefanya nini? Nisiwapotezee muda kwa ahadi kubwa. Nitaeleza kilichotokea miaka mitatu iliyopita na kile ambacho kamati iliamua mwaka huu.

Miaka mitatu iliyopita tuliimba tena katika boma lenye watoto. Kwa sababu ya daftari lile, mwalimu wetu wa kwaya alikataa tusiondoke kabla hajauliza swali moja: nani atakuwa akienda shuleni mtoto huyu akiitwa? Watu wa boma walitazamana. Mjomba alikuwa Nairobi, shangazi alikuwa na wake sita. Mama mmoja wa sauti ya pili, anayeuza mboga sokoni, akasema, "Niandikeni mimi." Hakutoa hata shilingi siku ile. Alienda shuleni Jumatatu akajitambulisha kwa mwalimu wa darasa na kuacha namba yake ya simu. Wiki hiyo hiyo alienda na bibi kwa naibu wa chifu, wakaanza kutafuta cheti cha kifo cha mama na cha kuzaliwa cha mtoto. Iliwachukua safari nne. Safari mbili kati ya hizo mtandao haukuwepo, mkisikia watu wa mjini wakisema siku hizi kila kitu ni kwa simu, muwasalimie. Nauli kwaya ililipa. Kila muhula mama huyo huchukua ripoti, na mtoto akishuka humuuliza kwa nini. Sare mbili, viatu, sodo, pesa za chakula cha mchana: tukijumlisha yote, haijafika gharama ya sare moja ya kwaya nzima, tena ni mbali sana.

Mtoto huyo yuko hapa ndani. Msianze kugeuza shingo. Sitamtaja, na hilo ni uamuzi wa kamati pia: hakuna mtoto atakayesimamishwa mbele ya kanisa akabidhiwe daftari huku simu zikipiga picha. Katika shule moja niliyowahi kufundisha, wafadhili walileta viatu, na tukawaambia yatima wote wasimame. Mimi mwenyewe nilisaidia kuwapanga. Mvulana mmoja alikaa tu, nikamwambia, "Wewe pia, simama." Akasema mamake yuko safarini. Mamake alikuwa amezikwa mwaka mmoja kabla. Alienda nyumbani bila viatu, na nilichelewa sana kuelewa kwa nini.

Nirudi kwa huyu wetu. Yuko gredi ya 9. Mtihani wa KJSEA ameshaufanya, pamoja na wenzake wa kundi la kwanza la mtaala huu, na Januari 2026 wanaingia gredi ya 10, sekondari ya juu, shule mpya kwao wote. Ana cheti cha kuzaliwa. Ana cheti cha kifo. Ana mtu wa kuitwa. Hakuwa wa kwanza darasani, wala wa tano. Nalisema hili makusudi. Mwanafunzi anayeng'aa akiwa yatima, siku hizi kuna udhamini wa benki na wa mashirika, na tunashukuru. Lakini aliye katikati hatangazwi redioni. Yeye ndiye wetu. Kwaya haitauliza alama.

Sasa uamuzi wa mwaka huu, ambao haukuwa rahisi. Mmeona tumevaa sare zile zile za 2019, nyingine zimepauka kwapani, na wageni wetu wamekuja wamependeza mpaka tunaona haya. Tulikuwa tumeweka akiba ya sare ya jubilei. Mwezi Agosti lilitolewa pendekezo kwamba akiba hiyo iwe mwanzo wa mfuko wa watoto. Tulibishana mikutano mitatu. Sitaki ionekane waliopinga hawana huruma. Mzee mmoja wa sauti ya nne alisema kwaya iliyochakaa haivutii vijana, na bila vijana hata huo mfuko hautakuwa na wa kuuendesha. Ana hoja, na hoja hiyo bado imeandikwa katika kumbukumbu. Dada mwingine aliuliza kwa nini maskini wa kwaya wachangie maskini wa nje, ilhali wapo wanakwaya wanaolea yatima watatu nyumbani na hakuna anayewasaidia. Huyo alitunyamazisha, na swali lake likabadilisha pendekezo. Mtoto anayelelewa na mwanakwaya anahesabiwa kama mwingine yeyote. Tulipiga kura. Sare ikashindwa kwa kura nne.

Pamoja na hilo tulikubaliana kuhusu bahasha ya mazishi. Kuanzia Januari, nusu ya kila bahasha tunayopewa tukiimba matangani inabaki kwa watoto wa boma hilo hilo, kama wapo wa umri wa shule. Haitolewi mkononi siku ile, maana tunajua siku ya mazishi pesa huishia kwenye hema, viti na sodaji nyingine. Anaishika mweka hazina, na inatumika kwanza kwa makaratasi. Kabla hatujaondoka bomani, katibu anauliza lile swali, nani ataitwa, na jina linaandikwa. Likikosekana, mwanakwaya mmoja anajitolea. Mtoto mmoja, mtu mmoja, mpaka amalize sekondari au apate ufundi. Ikiwa uwezo wetu ni watoto watano, watakuwa watano na tutafika nao mwisho. Kuanza na 30 na kuwaacha njiani tumekataa.

Na akina bibi naomba msituelewe vibaya. Hatuji kuwanyang'anya wajukuu wala kuwakagua. Mmelea kizazi kizima cha bonde hili kwa mahindi na kwa maombi. Tunachotaka ni kubeba zile safari za mjini na zile siku za kuitwa shuleni, ninyi mbaki na kazi ambayo hakuna mwingine anayeiweza. Kwa wajomba na baba wadogo nina neno moja fupi kuhusu shamba la marehemu: mkilima, tuone mahindi yakiuzwa na sare ikinunuliwa. Katika Kitabu cha Walawi, mwaka wa jubilei ni mwaka wa mtu kulirudia shamba la ukoo wake. Sisi tunaimba jubilei, basi tuisome yote.

Mwezi huu wa Novemba ni mwezi wa marehemu. Wiki mbili zilizopita tulileta bahasha zenye majina ya wapendwa wetu, na zimewekwa pale chini ya altare. Mimi niliandika majina saba. Nilipomaliza nilijaribu kuandika kwenye karatasi nyingine majina ya watoto walioachwa na wale saba, na darasa la kila mmoja. Nilipata majina ya wote. Madarasa niliyajua mawili tu, tena hao ni wa ukoo wangu.

Ombi langu kwenu siyo pesa, ingawa mweka hazina ananikazia macho. Nyuma ya kanisa, karibu na mlango wa akina mama, kuna meza na daftari jipya. Likiisha Misa, kila Jumuiya iandike mtoto yeyote wa umri wa shule aliyefiwa na mzazi mmoja au wote: jina, shule, darasa, anaishi na nani, ana cheti cha kuzaliwa au hana. Daftari halisomwi hadharani. Litakaa kwa Katekista, na wenye ruhusa ya kulifungua ni Baba Paroko, Katekista na katibu. Watakaotaka kuwa watu wa kuitwa waandike majina ukurasa wa mwisho. Walimu na wastaafu tunawahitaji hasa, na mwenye pikipiki aliye tayari kumpeleka bibi Mbita kwa bei ya petroli tu, huyo tunamhitaji kuliko wote. Kwaya wageni, mkitaka kujua tunavyofanya, niulizeni wakati wa chakula. Bado tunakosea na tutawaambia tulipokosea.

Wanakwaya wenzangu, tangazo letu la kawaida. Mazoezi ni Jumamosi saa nane kamili, tunaanza nyimbo za Majilio. Daftari la mahudhurio nimelichora upya. Safu ya faini nimeiondoa, kamati ilikubali. Mahali pake, mbele ya kila aliyekosa, kuna nafasi ya kuandika ni nani alienda kumuuliza, na siku gani.